NYUMBA NA KAZI: Walikuja na feza mkononi

Ndugu msomaji, na wewe mama unayepima bunga mbele ya siku ya mushahara, mwezi huu twende mbali kidogo. Twende Cornwall, kusini-magharibi ya Uingereza, miaka ya 1700. Kule nako watu walichimba shaba na kasiteriti.

Bwana wa udongo, kama jamaa ya Basset pale Tehidy, alikuwa na vyote viwili: mashamba juu, shaba chini. Mgodi wa Dolcoath ulikuwa katika udongo wake. Yeye hakushika sururu. Aliacha wengine watie mali yao na kuchimba, naye akapata fungu lake katika madini yote yaliyotoka. Alikuwa hata na bandari ya Portreath: shaba ilienda Swansea kuyeyushwa, merikebu zikarudi na makaa ya mashini za kuvuta maji. Hesabu nzuri, si vile?

Lakini mchimbaji? Wengi hawakuwa na mushahara wa kila mwezi. Kikundi kilipatana juu ya sehemu yake ya mwamba, kikalipwa fungu la bei ya madini kiliyotoa. Mwamba ukiwa maskini, nyumba ilikula deni. Na mkate ulitoka sokoni.

Basi, soko lilitazama bahari. Sheria ya 1689 ilimpa mfanyabiashara zawadi ya shilingi 5 kwa kila kota ya ngano aliyopeleka ng'ambo, kama bei haijapita shilingi 48. Kota ni karibu lita 290. Ndiyo kusema, serikali ilimlipa mtu atoe chakula inchini! Hata bei ilipopanda, wengine hawakuacha kupakia.

Mwaka 1773 wachimbaji 700 au 800 walishuka bandari ya Padstow. Sikiliza vizuri: walianza kwa kutoa feza, shilingi 17 kwa galoni 24 za ngano, ni kusema zaidi ya lita 100. Wauzaji wakajibu: hamupati kitu. Hapo njo walivunja milango ya magala, wakabeba ngano yote bila kulipa.

Mimi sisifu kuvunja mlango. Lakini ile feza ya kwanza inanisumbua. Mwanahistoria E. P. Thompson aliandika mwaka 1971 kwamba watu wa namna ile hawakusukumwa na njaa tu. Walijua bei gani ni ya haki.

Miaka 6 kisha, merikebu za Wafaransa na Wahispania zilikaribia Plymouth. Kijana Francis Basset wa Tehidy akaongoza wachimbaji mpaka kule, wakajenga ngome. Mfalme akampa Basset cheo.