Wanafunzi Watembezwe Kibera na Kawangware

Shule zetu za Nairobi zina desturi njema ya kuwapeleka wanafunzi Mombasa wakaione Ngome ya Yesu. Hata ng'ambo watu huthamini mahali penye historia. Huko Wales kuna kijiji cha Portmeirion, ambacho msanifu Clough Williams-Ellis alikijenga kwa mpango wake mwenyewe kati ya mwaka 1925 na 1975, na wageni hulipa kiingilio ili wakitembelee.

Kibera nayo hutembelewa, ila wengi huja kutazama matope na mabati. Mtoto aliyezaliwa humo huwaona wakipiga picha, naye akajifunza kuyaonea haya makao yake.

Haya hiyo, nionavyo mimi, ni zao la kutofundishwa. Husemwa kwamba Kibera ilizuka kama uyoga. La hasha! Serikali ya kikoloni ndiyo iliyopatenga mahali hapo kwa ajili ya jeshi, na mwaka 1918 pakatangazwa kuwa hifadhi ya kijeshi yenye ekari 4,197. Wanubi, askari wenye asili ya Sudan, waliruhusiwa kukaa na kulima kwa vibali tu, bila hatimiliki. Wao walipaita Kibra, yaani msitu. Ni mwaka 2017 ndipo jamii yao ilipokabidhiwa hatimiliki ya ekari 288. Mwalimu wa hisabati na atoe 288 katika 4,197. Mwalimu wa historia na aeleze zilikokwenda zilizosalia.

Kawangware, isiyo mbali na hapo, ina kisa kingine. Ardhi ya Dagoretti ilikuwa ya mbari za Wakikuyu, nje ya mji, hadi mpaka wa Nairobi ulipopanuliwa wakati wa uhuru. Wenye mashamba wakajenga vyumba vya kupangisha. Basi mitaa hii inafanana kwa mabati, lakini kwa asili haifanani: huku ardhi ya serikali, kule ardhi ya watu binafsi. Asiyeijua tofauti hiyo hawezi kuelewa kwa nini wakazi wa Kibera huishi kwa hofu ya kubomolewa nyumba.

Walimu watalalamika kwamba fedha hazipo. Safari hii haihitaji basi wala kiingilio; yatosha kuomba ruhusa kwa wazee wa Makina, kuacha kamera shuleni na kubeba daftari.

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini mwenyeji asiyeijua nyumba yake atamwonyesha mgeni nini?