Ubeti Usiongoja Jibu

Washairi wenzangu watanisamehe, au hawatanisamehe, lakini kuna aina moja ya shairi ambayo naomba tuache kuitunga. Nayo ni ile tunayokwenda kuisoma kila Idi, na kila tarehe 3 Disemba, katika nyumba za makao wanamoishi watu wazima wenye ulemavu. Wasomaji wa kurasa hizi wanaijua. Hufunguliwa kwa bismillahi, hupitia kwenye “hujafa hujaumbika”, huhesabu macho yasiyoona na miguu isiyokwenda, kisha humalizika kwa kumshukuru Mola ambaye hakumuumba mshairi namna hiyo. Wageni hufuta machozi, sukari na unga hukabidhiwa, picha hupigwa, na magari huondoka kabla ya adhuhuri.

Sisemi haya kwa kuwanyooshea wengine kidole. Shairi hilo nami nimelitunga. Miaka kadhaa iliyopita nilialikwa kulisoma, beti kumi na mbili, katika nyumba moja ya makao ambayo sitaitaja. Nilipomaliza, mtu mmoja wa makamo aliyekuwa kwenye kiti cha magurudumu karibu na mlango aliniita kwa kichwa. Akasema, “Maalim, vina vyako vimekaa sawasawa. Sasa jibu langu nitalisoma lini?” Nikacheka, nikidhani ananitania. Yeye hakucheka. Nikaitazama ratiba niliyopewa: kulikuwa na dua, hotuba ya mgeni rasmi, shairi, zawadi, na neno la shukrani ambalo lilisomwa na msimamizi kwa niaba ya wakazi. Jibu halikuwamo.

Sisi watu wa Pwani tunajigamba, na tuna haki ya kujigamba, kwamba ushairi wetu ni ushairi wa kujibizana. Muyaka wa Mombasa na washairi wa Lamu walirushiana beti wakati miji yao ikiwa vitani, na kila upande ulijua kwamba ubeti ukivuka bahari utarudi na mwenziwe. Baadaye malumbano yakahamia kwenye kurasa za magazeti na kwenye redio. Mtu akitupa fumbo Pemba, atalifumbua mwingine Tanga. Hata shairi la matusi humpa adui heshima moja kubwa, ile ya kumdhania ana ulimi. Sasa niambieni, ni shairi gani jingine katika lugha yetu linaloelekezwa kwa mtu aliye hai, aliyekaa mbele ya msomaji hatua tatu, na ambalo mtunzi wake hangoji kabisa kujibiwa? Nimetafuta. Nimeona tenzi za maziko tu.

Hata methali yenyewe tunaitumia vibaya. “Hujafa hujaumbika” ni onyo kwa mzima: usimcheke mwenzio, kesho huenda ikawa zamu yako. Ni onyo jema. Lakini likisomwa mbele ya huyo mwenzio, yeye hageuki kuwa msikilizaji; anageuka kuwa mfano wa kufundishia, kama ramani ukutani. Kuna na wale wanaodai kwamba kosa liko katika sarufi, kwa kuwa kipofu, kiziwi, kiwete na kilema wametiwa katika ngeli ya vitu. Hoja hiyo mimi hainitoshi. Kiongozi naye yumo humo humo, pamoja na kinyozi, na hatujasikia kiongozi akilalamika kwamba amefanywa kitu. Tofauti ni kwamba kiongozi akisema, husikilizwa.

Naomba msomaji anifuate mbali kidogo, hadi Uingereza, kwa sababu huko wakazi wa nyumba moja ya makao walilitoa jibu lao kwa sauti, na tunajua lilivyopokelewa. Nyumba hiyo iliitwa Le Court, katika jimbo la Hampshire. Leonard Cheshire, rubani wa kivita aliyelishuhudia kwa macho yake bomu la Nagasaki mwaka 1945, alimchukua huko mgonjwa mmoja aliyekuwa akifa bila ya pa kwenda, akamuuguza mwenyewe; ikawa ni mwaka 1948. Wengine wakafuata, na nyumba zenye jina la Cheshire zikaenea nchi nyingi, hata Afrika ya Mashariki zikafika. Nia ilikuwa njema, na yeyote atakayeikejeli nia hiyo hatanipata upande wake.

Mwaka 1956 aliingia Le Court kijana anayeitwa Paul Hunt, aliyezaliwa mwaka 1937 na ambaye misuli yake ilikuwa ikidhoofika tangu utotoni. Alitoka katika wodi ya hospitali, miongoni mwa wagonjwa wasiotarajiwa kupona, na kwake nyumba ile ilikuwa ni ukombozi. Hili nalisisitiza kwa sababu wako wanaodhani kwamba kila anayeilaumu nyumba ya makao anataka ivunjwe kesho asubuhi. Le Court palikuwa na maisha. Wakazi walihariri jarida, walipiga filamu zao wenyewe, walibishana juu ya dini na siasa. Kwa ufupi, walikuwa ni mtaa. Na kwa kuwa walikuwa ni mtaa, walianza kuuliza maswali ya watu wa mtaa. Kwa nini mtu mzima aambiwe saa ya kulala? Kwa nini akitoka nje ya geti aage kama mwanafunzi wa bweni? Kwa nini mwanamume na mwanamke wakizungumza faragha liwe ni jambo la uongozi? Na kwa nini kamati inayoyaamua yote hayo isiwe na mkazi hata mmoja?

Palitokea mvutano. Wakazi wakafanya jambo ambalo mwenye kujiamini tu ndiye hulifanya: wakaomba wataalamu waje kuchunguza. Wakaja wawili, Miller na Gwynne, kazi yao ikagharimiwa na Wizara ya Afya, na mwaka 1972 kitabu chao kikatoka. Walieleza kwamba nyumba hizo huendeshwa kwa mitindo miwili. Wa kwanza wakauita wa ghala: mkazi hupokelewa, hulishwa, hufutwa vumbi, huwekwa mahali pasipovuja, na sifa ya ghala ni kwamba mali haikuharibika. Wa pili wakauita wa bustani: mkazi hupaliliwa na kumwagiwa maji ili vipaji vyake vichanue. Kila aliyezitembelea nyumba zetu atakuwa ameziona zote mbili, na mara nyingi zote mbili katika siku moja, bustani ikifunguliwa wageni wanapofika na ghala ikirejea wanapoondoka. Lakini tazameni vizuri. Gunia halisemi. Mwashumu nao hausemi.

Kisha wataalamu wakatoa uamuzi wao. Wakasema kwamba kuingia katika nyumba ya namna hiyo ni kufa machoni pa jamii, na kwamba kazi iliyobaki ni kukifanya chepesi kile kipindi kati ya kifo hicho na kifo cha mwili. Wakazi waliowaita kwa mikono yao wakasoma kwamba wao ni maiti wanaosubiri zamu. Mimi sioni tofauti kubwa kati ya maneno hayo na beti zangu kumi na mbili, isipokuwa zangu zilikuwa na mizani.

Hunt alikuwa ameshaondoka Le Court mwaka 1970, alipooa na kuhamia London. Tarehe 20 Septemba 1972 gazeti la Guardian lilichapisha barua yake fupi, akiwaita walio katika nyumba za makao waungane ili waseme wenyewe. Kutokana na barua hiyo kukazaliwa umoja wa watu wenye ulemavu wa viungo waliopinga kutengwa, na mwaka 1976 umoja huo ukatoa kijitabu chenye hoja moja iliyogeuza mambo: kwamba kukosa mguu ni jambo moja, na kuzuiwa kuingia, kufanya kazi, kuoa na kuamua ni jambo la pili, ambalo watu huliongeza juu ya lile la kwanza. Kiswahili kina neno la hoja hiyo tayari, wala hatukuhitaji kuliazima. Mtu hulemaa, na mtu hulemazwa. Hunt alifariki mwaka 1979. Jibu lake kwa wale wataalamu wawili, kali kuliko malumbano yoyote niliyowahi kuyasoma, lilichapishwa mwaka 1981, mwenyewe yuko kaburini. Wenzake waliobaki Le Court hawakuishia kwenye maneno. Kundi lao mojawapo, akiwemo John Evans, liliidai serikali ya jimbo kwamba fedha zilizokuwa zikilipiwa vitanda vyao ziwafuate wao, wakodi nyumba za kawaida na wawaajiri wenyewe wasaidizi wao. Mapema miaka ya 1980 walianza kuhama.

Hapa najua nitakatizwa. Nitaambiwa kwamba hayo ni ya Wazungu, kwamba wao wana nyumba za makao kwa kuwa hawana ukoo, na sisi tuna ukoo. Ndugu yangu, ukoo nimeuona. Nimeuona na chumba chake cha uani, ambacho mlango wake hufungwa kwa komeo la nje wageni wa posa wanapokuja, ili ndoa ya mdogo mtu isiharibike. Chumba hicho ni nyumba ya makao yenye mkazi mmoja, isiyo na kamati wala ya kukaguliwa. Wako watu waliotoka katika vyumba hivyo wakaingia katika nyumba za makao na wakapata, kwa mara ya kwanza, mtu wa kucheza naye bao. Asiniambie mtu kwamba damu peke yake ni heshima.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, na linatoka kwa wafanyakazi. Mwanamke anayewaogesha watu wengi peke yake kabla ya jua kuchomoza hawezi kumuuliza kila mmoja anapenda kuamka saa ngapi. Ni kweli tupu. Nimewaona wanawake hao, na mshahara wao ni aibu yetu. Lakini umaskini unaeleza kwa nini msaidizi ni mmoja; hauelezi kwa nini kwenye kamati hakuna mkazi. Kiti mezani hakina bei. Kubisha hodi kabla ya kuingia chumbani kwa mtu mzima hakuhitaji mfadhili. Kumuuliza mtu kama anataka kupigwa picha na gunia la unga, nako, ni bure. Mambo haya madogo tunayaahirisha mpaka fedha zitakapopatikana, na hayakuwa na gharama tangu mwanzo.

Wala hatuwezi kujitetea kwa kutojua. Umoja wa Watu Wenye Ulemavu Zanzibar uliundwa mwaka 1985, na wanachama wake wamekuwa wakiyasema haya kwa Kiswahili fasaha tangu wengi wetu tukiwa shule. Zanzibar ilitunga sheria ya haki za watu wenye ulemavu mwaka 2006. Mwaka huo huo Umoja wa Mataifa ukapitisha mkataba ambao ibara yake ya 19 inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kuchagua pa kuishi na wa kuishi naye. Kenya iliuridhia mwaka 2008 na Tanzania mwaka 2009. Kilichokosekana si waraka. Asiyekuwapo na lake halipo, walisema wazee, na sisi tumezoea kupanga siku ya kumwadhimisha mtu ambaye hatukumwita kwenye kikao cha kuipanga.

Basi washairi wafanye nini? Baadhi ya marafiki zangu wameniambia watatunga mashairi ya kuwasifu wakazi badala ya kuwalilia: mashujaa, simba, lulu. Hilo ni bustani tena. Anayesifiwa bila ya kuulizwa hana nafasi pana kuliko anayeliliwa. Mimi naona tungeanza kwa kuwaendea kama tunavyowaendea washairi, yaani na hoja ya kubishania na masikio ya kusikilizia, na siku isiyokuwa sikukuu.

Nilirudi kwenye ile nyumba baada ya miezi kadhaa, siku ya kawaida, bila ya mgeni rasmi. Nilimkuta yule bwana mahali pale pale, karibu na mlango. Aliniambia kwamba jibu lake lilikuwa tayari tangu Idi, na kwamba amenisubiri nije bila ya sukari. Alilisema kwa moyo, polepole, akinipa muda wa kuandika, na akanisahihisha nilipokosea mizani ya mshororo wa tatu. Amekubali nilichapishe hapa, ila bila ya jina lake, kwa sababu bado anaishi humo:

Mwaja Idi mlangoni, beti za kutulilia,
Sukari i mikononi, asante twawaambia,
Neno tunalotamani, hamjatuulizia,
Ufunguo u kwa nani, tupate kujifungia?

Nilimuuliza kwa nini asiseme kujifungulia, maana nilidhani anataka kutoka. Akanitazama kama mwalimu anavyomtazama mwanafunzi mvivu. Akasema geti hufunguliwa kila siku. Alichokikosa kwa miaka kumi na moja ni mlango wa chumba chake ambao yeye mwenyewe anaweza kuufunga kwa ndani.

Swali lake lina mizani nane kwa nane, vina ni na a. Wenye nyumba za makao, wanakamati, na washairi wa Idi, nikiwemo mimi, tunangojwa tujibu.