Mimina Ndoo Kwanza

Pale Dumila, barabara ya Dodoma inapoachana na ile ya Kilosa, ndoo ya nyanya haiuzwi kwa kutazama za juu. Mnunuzi aliyewahi kuumizwa anasema, "Mama, mimina." Mama anamimina kwenye turubai. Zile ngumu, nyekundu, zinabingirika mbele. Nyuma yake yanafuata masalo, yaliyopasuka na yaliyobonyea. Hapo ndipo bei inapoanza kuzungumzwa.

Aprili iliyopita nilikuta hapo familia moja ikirudi Dodoma kutoka Mikumi. Baba alinionyesha kwenye simu tangazo la Mikumi lililomtoa nyumbani: nyumbu kwa maelfu wanavuka mto, mamba wanawangoja. Ule ni Mto Mara, Serengeti! Yeye na wanawe walizunguka siku nzima katikati ya nyasi za masika zilizofika madirishani, wakaona twiga watatu na mgongo wa tembo. Mtoto mdogo alikuwa bado anauliza mto uko wapi.

Huu ni wizi. Tusiupake jina la biashara.

Na kinachonikera zaidi, Mikumi haina haja ya picha ya kuazima. Ni hifadhi tangu 1964, ina kilomita za mraba 3,230, na abiria wa basi la Iringa wanaikata kilomita 50 hivi wakitazama pundamilia kwa nauli yao tu. Njoo Agosti au Septemba, nyasi zimekauka na wanyama wanafuata maji, uone. Kumwambia mteja hivyo kunagharimu nini? Kunagharimu pesa ya Aprili, basi.

Kwenye Milima ya Uluguru nako ni yaleyale. Tangu treni ya umeme ianze kufika Morogoro Juni 2024, watu wa Dar wanakuja kwa saa mbili kasoro, wameuziwa "mji kasoro bahari" na picha moja ya Morningside, huko mlimani, jua likichomoza. Wanashuka na kandambili. Hawakuambiwa kwamba kule ni kupanda mlima kwa mguu, kwamba mvua ikinyesha njia inateleza na ukungu unaweza kuficha bonde zima, kwamba nyumba ya Wajerumani iliyoko huko ni gofu. Mimi nalipenda gofu lile, na harufu ya udongo mbichi kando ya mashamba ya Waluguru. Ila aliyeahidiwa hoteli ataliona gofu tu, na ana haki ya kukasirika.

Wapo watakaosema mgeni hujidanganya mwenyewe. Hata Paris, daktari Mjapani Hiroaki Ota aliwatibu Wajapani wenzake waliougua kwa kuukuta mji si ule waliouota. Sawa. Lakini ndoto ya mtu ni yake. Picha ya Mto Mara kwenye tangazo la Mikumi ina aliyeiweka, akapokea hela. Familia ile haitarudi, na hasara wataibeba dereva wa Mikumi, mpishi wa Mikumi na kijana anayeongoza wageni mlimani, ambao hawakumdanganya mtu.

Ndugu msomaji, ukiletewa tangazo la safari, mimina ndoo kwanza: piga simu kabla ya kutuma hela. Uliza picha imepigwa wapi na mwezi gani. Uliza mwezi unaokwenda wewe kukoje, njia ikoje, kiingilio kimo au hakimo. Asipokujibu, hela yako ibaki kwenye simu yako.