Picha za Mteja Hazikai Ndani ya WAR!

Kazi zimenibana, ndiyo maana pamekuwa kimya hapa. Leo nina jambo linalonikera, na wale mnaoandika Java mtanisamehe nikiwa mkali.

Kuna duka moja Mji wa Kale, hatua chache kutoka Ndia Kuu, linalouza milango ya nakshi na masanduku ya kale. Mwaka jana waliniita: picha zote za bidhaa zimepotea kwenye tovuti yao. Fundi aliyewatengenezea alikuwa ameandika programu nzuri tu, lakini picha zinazopakiwa alizielekeza ndani ya folda ya programu yenyewe, akitumia getRealPath. Siku aliporekebisha kosa dogo la tahajia na kupandisha faili jipya la WAR, Tomcat ikafanya kazi yake: ikaondoa programu ya zamani, ikafuta folda iliyokuwa imefunguliwa kutoka kwenye WAR, ikafungua mpya. Picha za miaka mitatu zikaenda na maji. Hifadhidata ikabaki na orodha ndefu ya majina ya mafaili ambayo hayapo.

Nakala rudufu? Hakuna. Na milango mingi ilikuwa imeshauzwa. Huwezi kumwambia mzee wa watu akapige picha upya mlango uliokwisha panda meli.

Msiilaumu Tomcat. Hivyo ndivyo inavyotakiwa kufanya, na imeandikwa wazi kwenye maelezo yake. WAR ni jahazi, linakuja na kuondoka. Mali ya mteja inakaa ghalani. Na wenye Spring Boot msicheke, ndani ya jar hamuwezi hata kuandika faili.

Watu wakisikia "tenganisha mafaili tuli" hudhani ni hadithi ya kasi tu. Zamani ilikuwa hivyo kweli, lakini Tomcat za leo zinatuma picha vizuri, na duka la wageni mia mbili kwa siku halitaona tofauti. Kwangu mimi hoja kubwa ni umri. Msimbo unabadilika kila wiki, picha ya mteja inatakiwa iishi miaka. Vitu vya umri tofauti visilale kitanda kimoja.

Kwa hiyo CSS na JavaScript zako ziache ndani ya WAR ukitaka. Zinazaliwa na kufa pamoja na msimbo, hakuna hasara. Ila chochote alichopakia mtumiaji kitoke nje. Kama mbele ya Tomcat una nginx, ni mistari minne tu:

location /picha/ {
    alias /var/duka/picha/;
    expires 30d;
}

Angalia mkwaju wa mwisho kwenye /picha/ ya juu. Ukiusahau huku alias yako inao, mjanja anaweza kupanda folda moja juu na kusoma mafaili usiyotaka ayaone. Huna nginx? Tomcat yenyewe, kuanzia toleo la 8, inakuruhusu kuunganisha folda ya nje kupitia Resources kwenye context.xml. Njia ya folda iweke kwenye mipangilio, usiigandishe ndani ya msimbo.

Kuna faida nyingine kwetu huku pwani. Wateja wangu wengi seva zao ziko Ulaya. Nyaya za TEAMS na SEACOM zilitua Mombasa mwaka 2009, tukasahau shida za setilaiti. Lakini Mei 2024 SEACOM na EASSy zilipokatika kwa pamoja upande wa Afrika Kusini, Kenya na Tanzania zote zilionja tena intaneti ya kinyonga. Picha zikiwa na anwani yao peke yake, ni rahisi kuzipitisha kwa mtandao wa kusambaza kama Cloudflare, ambao una kituo papa hapa Mombasa. Mtu aliyeko Kibokoni hana haja ya kuvuta picha ya mlango wa Kibokoni kutoka Frankfurt!

Najua mtakachosema: sasa ni sehemu mbili za kutunza badala ya moja. Kweli, na ukihamisha seva lazima ukumbuke folda ile. Lakini rsync ya usiku inaichukua peke yake bila kugusa programu, jambo ambalo lile duka lingelilipia pesa nzuri.

Onyo moja kabla sijaondoka. Nakala za vitambulisho, risiti na mikataba usiziweke kwenye folda ya wazi kama picha za bidhaa, maana atakayebahatisha anwani atazisoma. Hizo programu ikague ruhusa kwanza, halafu iiagize nginx itume faili kwa X-Accel-Redirect. Nitaandika mfano wake kamili nikipata nafasi.