Askari Yuko Juu, Mpagazi Yuko Wapi?



Kila inapokaribia Siku ya Mashujaa, tarehe 25 Julai, husikika hoja mbili juu ya sanamu za vita: kwamba ni mapambo ya mji tu, na kwamba Sanamu ya Askari ya Dar es Salaam ni ya mkoloni, hivyo ing'olewe. Sisi tunazikataa zote mbili.

Sanamu husema. Mwaka 1909 Wajerumani walimsimamisha Hermann von Wissmann juu, na chini yake askari Mwafrika akimtazama. Hakuna aliyehitaji maandishi ili ajue nani bwana. Waingereza wakamwondoa, na mwaka 1927 wakamweka juu askari mweusi wa shaba, singe yake ikielekea bandarini. Mwafrika alikuwa amepanda juu, lakini bado ametumwa.

Na mpagazi yuko wapi? Jeshi la Wabelgiji lilipoingia Biharamulo Juni 1916, hapakuwa na reli. Risasi na chakula vilisafiri vichwani mwa watu. Upande wa Waingereza pekee, wapagazi takriban 95,000 wanakadiriwa kufa katika vita ile, wengi kwa maradhi na njaa. Maandishi ya Dar es Salaam yanawataja, lakini mtoto apitaye humwona askari. Nairobi, mwaka 1928, mpagazi alipewa mwili wa shaba kando ya askari. Basi jambo hili linawezekana.

Katika makanisa yetu, kituo cha tano cha Njia ya Msalaba humwonyesha Simoni wa Kirene, aliyekamatwa njiani akabebeshwa mzigo usio wake. Hakushika silaha wala hakujitolea. Hata hivyo ana sura ukutani. Babu zetu waliokamatwa mashambani wamekosa nini?

Kwa hiyo Askari asing'olewe, bali apewe wenzake. Na siku Ngara au Biharamulo watakapochonga kumbukumbu yao, wasiazime singe ya Dar es Salaam. Wachonge mtu mwenye mzigo kichwani. Na pale Rusumo, ambapo mwishoni mwa Aprili 1994 watu zaidi ya 200,000 walivuka kutoka Rwanda kwa takriban siku moja, wamchonge mama mwenye mtoto mgongoni. Vita hubebwa na wengi kuliko wanaoipigana.

Wazee waliosimuliwa habari za wapagazi na baba zao wanazidi kupungua. Tusingoje wa mwisho azikwe ndipo tutafute mchongaji.

Dominika njema.