Vita viliisha, mtungi ukabaki juu

Wasee, leo sina mada moja. Nina vitu vitatu vinne kichwani, na ukifuata kila kimoja unafika kwenye mtungi wa maji.

Juni 2025, Israel na Iran ziliposhambuliana siku 12, mimi niligeuka mtaalamu wa vita. Niko kitandani hapa Kitui mjini, simu mkononi, nabishana na beshte yangu wa Wote mpaka saa nane usiku kuhusu Mlangobahari wa Hormuz. Bahari yenyewe tumeiona mara moja tu, safari ya shule, Mombasa.

Julai nikaenda kumsalimia susu, upande wa Mutomo. Nikapigia kijana wa bodaboda alete mitungi minne. Akafika na bei mpya, shilingi kumi juu kwa kila mtungi. Nikaanza kelele. Akaniangalia tu: "Bosi, hii pikipiki hainywi maji ninayobeba."

Nikanyamaza. Tarehe 14 EPRA ilikuwa imepandisha petroli, na mafuta yetu mengi yanatoka Ghuba. Hiyo nilijua, hata nilikuwa nimeiposti! Lakini akili yangu haikuwa imewahi kuitoa Hormuz ikaifikisha kwa susu, ambaye maji aliyooshea mboga anaoshea vyombo, kisha yanaenda kwa mpapai.

Kwa hivyo ukiniambia habari za dunia hazituhusu, nitakukatalia. Mjomba wangu wa Makueni anakuza maembe. Kenya ilipoacha kuyauza Ulaya 2014 kwa sababu ya nzi wa matunda, mpaka 2021, mzee alijifunza Ulaya kupitia nzi.

Shida yangu ni hii nyingine. Kuna kisima karibu na kwa susu, pampu imekufa, na mimi sijawahi kuuliza mtu yeyote imekufa lini. Rais wa nchi ya mbali namkaripia bila woga, juu hanijui. Mwenye kujibu kuhusu pampu anajua nyumbani kwetu, na pengine tutakutana mazishini Jumamosi. Huo ni uoga, wacha niseme tu, na ni wangu pia.

Nikamuuliza yule beshte wa Wote: na Bwawa la Thwake, lililoanza kujengwa 2018 huko kwenu Makueni, litajaa lini? Akasema, "Sijui bana, mimi sifuatilii siasa." Siasa! Huyu anajua manowari za Marekani kwa majina.

Jioni ile susu alikuwa anasikiliza redio. Akaniuliza kama vile vita vimeisha. Nikamwambia ndiyo, viliisha mwezi uliopita.

"Sasa mtungi unarudi bei ya zamani lini?"

Nikajifanya natafuta chaja.