UCHAMBUZI: Gusii njia panda, mtoto wa miaka 14 sasa ndiye anayeteua kozi ya chuo kikuu

KWA miaka mingi, mzazi wa Kisii au Nyamira aliyeulizwa angependa mwanawe asomee nini chuoni alikuwa na majibu matatu tu: udaktari, uhandisi au uanasheria. Masomo ya kumfikisha mtoto huko yaliachiwa mwalimu wa darasa, ambaye naye mara nyingi aliyaachia matokeo ya mtihani wa muhula.

Mazoea hayo yamefikia ukingoni. Januari 2026, wanafunzi wa kwanza wa mtaala wa umilisi waliingia Gredi ya 10 katika shule za sekondari ya juu, kila mmoja akiwa tayari ameteua mkondo wa masomo. Katika ua huo huo wa shule wamo ndugu zao wa mfumo wa 8-4-4, ambao watahiniwa wake wa mwisho watafanya KCSE mwaka wa 2027.

Mifumo miwili chini ya paa moja, na yote miwili inadai jambo moja: masomo yateuliwe kwa jicho la chuo kikuu, si kwa jicho la muhula ujao.

Ili kuelewa uzito wa jambo hili katika eneo la Gusii, sharti mtu atazame ardhi. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,266,860 Kisii na 605,576 Nyamira, wakiwa wamebanana milimani ambako shamba la babu limegawanywa hadi likabaki mistari michache ya majanichai na vishina vya migomba. Mtoto wa tano hana cha kurithi. Shule ndiyo shamba lake.

Ndiyo sababu matokeo ya mitihani hupokelewa huku kwa nyimbo na maandamano hadi sokoni, na majina kama Kisii School, Cardinal Otunga, Nyabururu na Kereri, au Nyambaria na Sironga kwa upande wa Nyamira, hutajwa kwa fahari ya ukoo. Aidha, eneo hili limetoa mawaziri wanne wa Elimu tangu 2008, wakiwemo Profesa Sam Ongeri, Ezekiel Machogu na Julius Ogamba. Hakuna awezaye kusema kwamba Wagusii hawakuwa karibu na meza ambako maamuzi hufanywa.

Hata hivyo, fahari ya wastani wa shule na maslahi ya mtahiniwa mmoja mmoja ni mambo mawili tofauti, na hapa ndipo wengi walipotea.

Chukua mfumo unaoondoka. Mtahiniwa wa KCSE anahitaji gredi ya C+ ili afuzu kujiunga na shahada. Lakini C+ humfikisha langoni tu. Kinachomwingiza katika kozi yenye ushindani ni masomo manne ya kozi hiyo, ambayo alama zake (zisizozidi 48) hupimwa pamoja na jumla ya masomo yake saba (isiyozidi 84). Katika hesabu iliyozoeleka, sehemu hizo mbili huzidishwa, kipeuo cha pili kikatafutwa, kisha jibu likazidishwa kwa 48.

Tuseme vijana wawili wa kijiji kimoja wamepata jumla ya alama 70 kati ya 84, yaani B+ kila mmoja. Vyeti vyao vinafanana na sherehe nyumbani zitakuwa sawa. Wote wanataka uhandisi, ambao hutazama Hisabati, Fizikia, Kemia na somo moja zaidi.

Wa kwanza ana B+ katika yote manne, akitumia Jiografia kuwa la nne. Masomo hayo yanampa alama 40, na hesabu inatoa 40 kamili. Wa pili ana B- ya Hisabati, B- ya Kemia, B ya Fizikia na A- ya Jiografia. Jumla yake inainuliwa na A ya Kiswahili pamoja na A- za Kiingereza na Masomo ya Biashara. Masomo yake manne yanampa 36, na hesabu inashuka hadi 37.95.

Tofauti ya alama mbili hivi. Katika kozi inayogombewa na maelfu, hiyo ni tofauti ya kuingia na kubaki nje. Na huyu wa pili si mwanafunzi dhaifu hata kidogo. Angewania uanasheria, ambako B ya Kiingereza au Kiswahili ni sharti, lugha zake zingembeba. Kosa lake ni kwamba alijenga nguvu upande mmoja akapeleka ombi upande mwingine.

Udaktari nao una ukali wake. Biolojia na Kemia haziepukiki. Kisha Hisabati au Fizikia, kisha lugha. Kozi za diploma katika KMTC, yenye kampasi Kisii na Nyamira, huanzia wastani wa C, na huko pia Biolojia na lugha hukaguliwa. Hata ualimu, ambao wazazi huuona kama kimbilio la mwisho, unadai C+ katika masomo mawili ya kufundisha. Nimekutana na vijana wenye C+ ya jumla ambao hawana masomo mawili ya namna hiyo. Cheti kizuri, mlango umefungwa.

Yanatokeaje haya? Jibu lipo Kidato cha Pili, mwalimu anapowaambia wanafunzi waache baadhi ya masomo. Fizikia ndiyo huachwa na wengi, hasa wasichana, ilhali Biolojia na Kemia husomwa na takriban kila mtu. Mwanafunzi hutupa somo kwa kuwa alipata alama 34 muhula uliopita, au kwa kuwa mwalimu wake ni mkali, au kwa kuwa rafiki yake ameliacha. Shule nayo haimzuii. Somo gumu likipungua watahiniwa, wastani wa shule hupanda.

Wizara iliacha kutangaza orodha ya shule bora kitaifa, lakini mashindano yaliendelea mitaani na kwenye mabango. Mwalimu mkuu hupimwa kwa wastani. Hapimwi kwa idadi ya waliopata kozi walizotaka. Kwa maoni ya mwandishi huyu, hilo ndilo lililowaumiza vijana wa Gusii kuliko ugumu wa Fizikia yenyewe. Sisi tuliopitia 8-4-4 miaka yake ya mwanzo tulipangwa masomo kwa foleni: waliotangulia darasani kwenda sayansi, waliofuata kwenda kwingineko, na hakuna aliyetuuliza neno.

Mtaala mpya ulinuiwa kuondoa foleni hiyo. Sasa ipo mikondo mitatu: Sayansi, Teknolojia, Uhandisi na Hisabati (STEM); Sayansi za Jamii; na Sanaa na Spoti. Kiingereza, Kiswahili au Lugha Ishara ya Kenya, Hisabati na huduma kwa jamii ni lazima. Juu ya hayo, mwanafunzi hujichagulia masomo matatu pekee.

Matatu, msomaji. Chini ya 8-4-4, kijana mwenye masomo manane angeweza kuchanganya Fizikia na Historia, akaahirisha uamuzi hadi siku ya kujaza fomu za KUCCPS. Sasa nafasi ya kukosea imebanwa, na anayebanwa ni mtoto wa Gredi ya 9, mwenye miaka 14 au 15.

Isitoshe, Hisabati imegawanywa. Mwanzoni ilipangwa iwe ya hiari nje ya mkondo wa sayansi. Aprili 2025, baada ya wadau kulalamika, Waziri Ogamba alitangaza kwamba ingekuwa ya lazima kwa wote, lakini kwa viwango viwili: ile kamili kwa wanafunzi wa STEM, na nyingine nyepesi kwa mikondo iliyosalia. Mzazi anayemwona binti yake akielekea Sayansi za Jamii huku akiota kuwa mtaalamu wa uchumi au takwimu afikirie jambo hili mapema. Kozi hizo ni hesabu kuanzia mwaka wa kwanza hadi wa mwisho.

Kisha kuna shule yenyewe. Mwanafunzi wa kundi la kwanza alitakiwa kuteua shule 12 zikiambatana na michanganyiko ya masomo anayotaka. Alama za kumpanga zilitokana na mtihani wa Gredi ya 9 (KJSEA) kwa asilimia 60, ule wa Gredi ya 6 kwa asilimia 20, na tathmini za Gredi ya 7 na 8 kwa asilimia 20. Matokeo yalipotoka Desemba 2025 na watoto wakapangiwa shule, maombi ya kubadilishiwa yalimiminika. Wengi walikuwa wameteua jina la shule bila kutazama masomo yanayofundishwa humo.

Zamani mtoto akipelekwa shule ya kutwa ya karibu na nyumbani alipoteza umaarufu tu. Masomo yalikuwa yale yale, angalau kwenye karatasi. Leo shule ndogo zinatoa mikondo miwili, kubwa zinatoa yote mitatu, na ndani ya mkondo mmoja michanganyiko hutofautiana kulingana na walimu na vifaa vilivyopo. Kuchagua shule kumekuwa sawa na kuchagua shahada.

Pesa nazo zina sauti. Karo ya bweni katika shule zilizokuwa za kitaifa ni Sh53,554 kwa mwaka, kabla ya sare, godoro na nauli. Mkulima wa Kebirigo anayesubiri bonasi ya chai ya Oktoba hujikuta hana jinsi ila shule ya kutwa, na kwa hivyo mkondo wa mtoto wake huamuliwa na maabara iliyo karibu. Serikali ilipanga asilimia 60 ya wanafunzi waende STEM, 25 Sayansi za Jamii na 15 Sanaa na Spoti. Mpango huo hauwezi kutimia Bomachoge au Borabu ikiwa Kemia inafundishwa ubaoni bila chupa wala moto.

Kuhusu Sanaa na Spoti, dharau iliyopo Gusii inashangaza. Hapa ndipo Tabaka, ambako vinyago vya mawe laini huchongwa na kuuzwa ng'ambo. Hapa ndipo alikotoka Naftali Temu, aliyeiletea Kenya dhahabu yake ya kwanza ya Olimpiki kule Mexico City mwaka wa 1968. Hata hivyo mzazi akiambiwa mwanawe anafaa mkondo huu, husikia kana kwamba ameambiwa mtoto amefeli.

Wanafunzi wa Gredi ya 10 watafanya mtihani wao wa mwisho mwaka wa 2028. Kabla ya hapo, wale wa Kidato cha Tatu mwaka huu wa 2026 bado wana muda wa kulinganisha masomo yao na kozi wanazotaka, kwa kuwa usajili wa KCSE hufanywa wakiwa Kidato cha Nne. Taarifa za masomo manne ya kila kozi zipo kwenye tovuti ya KUCCPS. Mwalimu wa ushauri nasaha anaweza kuzifungua kwa dakika chache, mradi shule imemwachia muda wa kufanya kazi hiyo badala ya kumpa vipindi 28 kwa wiki.

Mzazi wa Gredi ya 9 naye asiridhike na picha za lango na basi la shule. Amuulize mwalimu mkuu ni nani hasa anayefundisha Fizikia, maabara ilitumika lini mara ya mwisho, na kama mwalimu huyo ameajiriwa na TSC au na bodi ya shule. Wa bodi hulipwa kwa karo, na karo ikikosa kulipwa muhula wa pili, yeye ndiye wa kwanza kuondoka.